Klova, Tanipu na Ng'ombe wa Mnyonge

Ndugu zangu, huu mche wa maharage uliopo mezani nimeung'oa asubuhi hii pamoja na udongo wake. Tazameni mizizi. Vinundu hivi vidogo mfano wa shanga, wengi wakiviona hudhani ni ugonjwa. Nakipasua kimoja kwa wembe, na ndani mnaona rangi ya waridi. Ukiona rangi hiyo, ujue bakteria waliomo humo wako kazini, wanachukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Nimelisema hili kwenye kumbi nyingi na nitaendelea kulisema, kwa sababu kila nikiuliza ni nini kilichobadilisha kilimo cha Uingereza katika karne ya 17 na ya 18, naletewa mashine ya kupandia mbegu ya Mwingereza Jethro Tull.

Haya, tuimalize hiyo mashine. Tull aliibuni mnamo 1701. Ilipanda mbegu kwa mistari, na wazo lenyewe lilikuwa zuri, maana shamba la mistari hupalilika kwa jembe la kukokotwa na farasi. Lakini zaidi ya miaka 100 baadaye wakulima wengi walikuwa bado wanamwaga mbegu kwa mkono. Na Tull huyo huyo aliamini kwamba udongo ukitifuliwa vya kutosha, samadi haina haja. Mtu aliyeikataa samadi ndiye tunayewatajia watoto wetu shuleni kuwa baba wa mapinduzi ya kilimo! Simdharau. Ila mashine isiyotumika haishibishi mtu, na watu walikuwa wanaongezeka.

Sasa rudini kwenye mizizi hii. Kwa mtindo wa zamani, vijiji vingi vilipumzisha theluthi moja ya mashamba kila mwaka. Ardhi ilichoka, ikaachwa ilale. Huko Flanders, ambako leo sehemu kubwa ni Ubelgiji, ardhi ilikuwa finyu na miji ilikuwa jirani, na wakulima walikuwa wameshaona njia nyingine: badala ya kuacha shamba tupu, panda klova, jani la jamii moja na kunde na maharage, lenye vinundu hivi hivi. Mwingereza Richard Weston, aliyekimbilia huko katika miaka ya 1640, aliyaona kwa macho yake akayapeleka kwao. Kule Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mzunguko ukaja kutulia hivi: ngano, kisha tanipu, zao la mzizi mnene unaoliwa na watu na mifugo, kisha shayiri, kisha klova, halafu ngano tena. Hakuna mwaka shamba linalolala.

Na kila zao lilikuwa na kazi yake. Tanipu hupaliliwa, kwa hiyo magugu yanaondoka. Wakati wa baridi, malisho yakiwa haba, kondoo walifungiwa kwa uzio wa kuhamishika palepale juu ya tanipu, leo kipande hiki, kesho kile. Wanakula, wanakunya, wanakanyaga. Samadi haikubebwa kwa mkokoteni, ilijipeleka yenyewe. Shayiri iliyofuata ilistawi. Klova ikalisha ng'ombe na kuurudishia udongo nguvu, na ngano ikaikuta nguvu hiyo. Mifugo mingi, samadi nyingi, nafaka nyingi. Sayansi ilikuja kueleza siri ya vinundu kwenye miaka ya 1880. Wakulima walikuwa wameshaishi nayo zaidi ya miaka 200.

Najua kuna atakayeniuliza: vipi kuhusu bwana Townshend, yule aliyeacha siasa mwaka 1730 akarudi Norfolk kuhimiza tanipu? Alihimiza kweli. Lakini tanipu zilikuwa mashambani Norfolk tangu karne iliyotangulia, zimelimwa na watu ambao hakuna aliyewachora picha.

Jambo la pili linaniumiza zaidi. Ukipanda tanipu zako kwenye shamba la wazi, yaani lisilo na uzio kati ya vipande vya wanakijiji, baada ya mavuno mifugo ya kijiji kizima ina haki ya kuingia. Wakubwa wakasema: bila uzio hakuna maendeleo. Mnaofuga mnaelewa hapa tunaelekea wapi. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia uzio mashamba na malisho ya pamoja, jumla ekari kama milioni 6.8.

Je, hapakuwa na njia nyingine? Ilikuwepo. Viko vijiji, kwa mfano kule Oxfordshire, vilivyokaa vikakubaliana kupanda klova pamoja bila kumnyang'anya mtu. Mwaka 1773 Bunge lenyewe lilitoa sheria ya kuruhusu robo tatu ya wakulima wa mashamba ya wazi wakubaliane jinsi ya kuyalima. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba klova ilikuja na uzio kama pacha.

Uzio ulipokuja, mwenye karatasi ya kuthibitisha haki yake alipewa kipande chake, akadaiwa gharama za wapimaji, mawakili na uzio. Mwenye kipande kidogo aliuza. Yule aliyekuwa na kibanda na ng'ombe mmoja, akichunga kwa mazoea ya babu zake, hakupewa kitu. Ng'ombe mmoja ni maziwa ya watoto, ni siagi ya kuuza, ni samadi ya bustani. Akiondoka, mtu anabaki na mikono yake na ujira wa siku. Kufikia 1801 waliokuwa wakiishi kwa kilimo Uingereza walikuwa kidogo zaidi ya theluthi moja tu ya wafanyakazi.

Arthur Young, mwandishi wa mambo ya kilimo, alizunguka nchi hiyo miaka mingi akiusifia uzio. Mwaka huo wa 1801 aliandika kwamba katika sheria 19 kati ya 20 za uzio, maskini ameumizwa, akapendekeza wapewe ardhi ya kutosha kufuga ng'ombe. Na akanukuu maneno ya mnyonge mmoja: ninachojua mimi ni kwamba nilikuwa na ng'ombe, na sheria ya Bunge imeninyang'anya.

Naonyeshwa saa. Mfugaji Robert Bakewell wa Dishley, aliyekodisha madume ya kondoo wake badala ya kuyauza, itabidi tumwache, na mikataba ya kukodi mashamba pia. Mche nauacha hapa mezani pamoja na wembe. Anayetaka kupasua kinundu kwa mkono wake, aje mbele.