Dulwich Hamlet: Klabu ya Ridhaa Iliyopokonywa Uwanja na Jina Lake

Ndugu zangu watazamaji, habari za huko nyumbani. Soka la London ya Arsenal na Chelsea mnalifahamu, na ubishi wake wa vijiweni mnaumudu kuliko mimi ninayeishi huku. Leo ninawaletea klabu ya kusini mwa jiji ambayo haijawahi kucheza hata katika daraja la nne, iitwayo Dulwich Hamlet, kwa sababu historia yake inaonyesha jinsi timu inavyoweza kuponzwa na hati ya kiwanja kuliko na vipigo.

Klabu hii iliasisiwa mwaka 1893 na Lorraine Wilson, aliyezoeleka kwa jina la Pa, baada ya vijana wa shule ya Dulwich Hamlet kumwendea wakitaka timu yao. Enzi hizo soka la ridhaa halikuwa la kubezwa. Dulwich walitwaa Kombe la FA la Ridhaa mwaka 1920, 1932, 1934 na 1937, na fainali ya mwaka 1933, ambayo wao wenyewe hawakucheza, iliwavuta watazamaji 20,744 kwenye uwanja wao wa Champion Hill. Hapohapo, katika Olimpiki ya mwaka 1948, Korea Kusini iliifunga Meksiko mabao 5-3.

Lakini jina linaloimbwa na mashabiki hadi leo ni la Edgar Kail, mshambuliaji aliyeifungia klabu mabao zaidi ya 400 bila kuhamia soka la kulipwa. Mei 1929, akiwa bado mchezaji wa ridhaa, aliitwa timu ya taifa ya England, akafunga mabao mawili dhidi ya Ufaransa jijini Paris, akacheza tena dhidi ya Ubelgiji na Hispania, na safari yake ya kimataifa ikaishia hapo.

Sasa tuje kwenye ardhi. Uwanja wa zamani ulipochakaa ulibomolewa, sehemu yake ikajengwa duka kubwa la Sainsbury's, na uwanja mdogo wa sasa ukafunguliwa mwaka 1992 nyuma ya duka hilo. Mwaka 2014 kiwanja kilinunuliwa na kampuni ya majengo iliyotaka kujenga nyumba za makazi, ukazuka mvutano kati yake na halmashauri ya Southwark, na Machi 2018 klabu ikafukuzwa. Kana kwamba hilo halikutosha, waliarifiwa kwamba jina lenyewe la Dulwich Hamlet lilikwisha sajiliwa na wengine kama alama ya biashara, hivyo wasilitumie hata kwenye machapisho yao. Sisi ambao timu zetu za mikoani zinapanga viwanja vya CCM tunajua maana ya kucheza kwa hisani ya mwenye mali, ila kupokonywa na jina ni jeuri ya aina yake.

Mashabiki waliandamana mitaani, wanasiasa wakaingilia kati, jina likarudishwa, na timu ikahifadhiwa kwenye uwanja wa Tooting & Mitcham, ambao ni mahasimu wao wa jadi. Ajabu ni kwamba katika msimu huohuo wa kutangatanga walipanda daraja kwa kuwashinda Hendon kwa mikwaju ya penalti. Desemba 2018 walirejea nyumbani.

Walishushwa tena mwaka 2023, jambo ambalo kwa maoni yangu haliwasumbui sana waliozoea kusimama nyuma ya goli wakiwa na bia mkononi, wakitikisa funguo za nyumba zao kila timu inapopata kona. Mapumziko yakifika, kundi zima huhamia upande wa pili ili liendelee kulikabili goli la wapinzani. Atakayefika London na akakosa tiketi ya Ligi Kuu ashuke kituo cha treni cha East Dulwich, atembee dakika chache, na aingilie barabara ya Edgar Kail Way, ambayo itamfikisha getini.