Mnaoniuliza Kwa Nini Tunahesabu Siku za Meli, Jibu Langu Hili Hapa

Assalaam aleikum jamaa zangu wa Unguja na Pemba, na nyote mnaotazama kutoka Bara na Mombasa. Leo sikukusudia kurekodi, lakini kila nikifungua simu nakuta suali lile lile. "Dada, zile karatasi za majina ya bandari ukutani kwenu ni za nini?" "Mbona kila Jumamosi mnapika vyakula vya kigeni, na bibi yao watoto yuko kwenye simu?" Hao wanauliza kwa wema. Wengine hawaulizi, wameshahukumu: huyu anajionesha, Uingereza imemlevya. Na ile wiki niliyosema nimechoka na makaratasi ya viza, wale wale wakaandika kwamba nalalamika na neema iko mkononi. Basi najibu leo, kwa urefu, na nakuombeni msikilize mpaka mwisho kabla hamjaandika.

Ndiyo, tuna safari. Mungu akijaalia, skuli zikifungwa majira ya joto tutapanda meli ya kitalii Barcelona. Itapita Marseille, Genova, Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya kwendea Roma, Palermo, Valletta ya Malta, kisha irudi Barcelona. Mimi, baba watoto, watoto, na mama yangu kutoka Wete, Pemba, akipata ruhusa.

Pesa nizimalize mapema, maana ndizo zinazowauma watu. Hatukulipa kwa mkupuo. Tulitoa kianzio mwaka jana, na kila mshahara ukitoka tunapunguza, mimi kwa zamu za usiku za kuhudumia wazee, mwenzangu kwa kuendesha basi. Vyumba tulivyochukua havina dirisha, ndivyo vya bei ya chini. Na ile bei wanayoitangaza siyo utakayolipa. Juu yake kuna bakshishi ya wafanyakazi, inahesabiwa kila siku kwa kila kichwa, kuna intaneti, kuna vinywaji. Kampuni nyingi zina sharti kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wa chumba kile wanunue. Sisi hatunywi, halikutugusa, lakini kuna ndugu zetu wanasaini bila ya kusoma.

Na kabla hujaandika "si ungejenga kwanza", nyumba ya Wete imesimama, mama analala humo, na bati lake tumelilipia mimi na ndugu zangu. Nimelisema hili mara ngapi? Kuna jamaa yangu wa damu alinipigia baada ya ile video ya wali wa kamba. Salamu hakuzimaliza, akaniambia nyinyi huko mnakula zafarani na sisi mmetusahau. Mwezi ule ule nilikuwa nimempelekea ada ya mwanawe. Liliniuma, na bado linaniuma. Mtu aliyeko nje akinunua tiketi anaulizwa, akinunua godoro anaulizwa. Akilazwa hospitali peke yake, simu haiiti.

Sasa hiyo hesabu ya siku. Ukutani tumebandika bandari kwa mpangilio ambao meli itazipita. Kila Jumamosi ni bandari moja. Tunapika chakula chake, tukishakula tunafanya chemshabongo, na mshindi ndiye anayebandua karatasi. Mama anakuwa hewani kutoka Wete, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, na yeye ndiye mwamuzi. Sikuianzisha kwa ajili ya video. Niliianzisha kwa sababu viza ya mama hatujui kama itatoka, nikataka wajukuu na bibi yao wawe na safari ambayo hakuna ofisi inayoweza kuwanyima. Hiyo ndiyo sababu, nyengine sina.

Barcelona tuliipikia paella. Asili yake ni Valencia, chini zaidi ya pwani ile ile, na wenyewe wa Valencia wanasema ya asili ni ya kuku, sungura na maharage, hii ya vitu vya baharini ni ya baadaye. Sisi tulitia ngisi, kamba na kome, na zafarani. Mchele ukishaingia hukorogi tena, na unaachwa makusudi ushike chini, kwa sababu ukoko ndio unaogombaniwa mezani. Mama aliposikia hilo akauliza mara mbili kama ni kweli, na kuanzia hapo hawasemi vibaya Wahispania.

Marseille sina mengi. Ni mchuzi wa samaki wa wavuvi, wa wale samaki wa miambani ambao zamani hawakuwa na soko, na mkate pembeni. Mtu wa Pemba hafundishwi mchuzi wa samaki.

Genova ndiko kulikozuka mjadala. Wana kitu kinaitwa pesto: majani ya mrehani yanapondwa kinuni pamoja na thomu, jibini, mafuta ya zaituni na kokwa za msonobari, kisha inachanganywa na tambi. Nilipouinua mrehani mbele ya simu mama akasogea mpaka uso ukajaa kioo. Mrehani wa kikuba? Wa bi harusi? Mnaula? Kwake yeye mrehani unakaa na asumini, unanukia, basi. Nikamwambia mama, ni mmea huo huo. Hakunijibu. Jumamosi iliyofuata akatuarifu mwenyewe kwamba ameuponda na thomu na ndimu, kauweka juu ya changu wa kuchoma, na umefaa. Watoto walipiga makofi.

Roma walitaka pizza, tukala pizza. Tuendelee.

Palermo ndiyo bandari niliyoipangia kwa moyo wote. Waarabu waliuchukua mji ule mwaka 831 na ukakaa chini ya Waislamu mpaka Wanormani walipoingia mwaka 1072. Machungwa, malimau na miwa vilienea kisiwani Sicilia zama hizo. Wana chakula cha mtaani, panelle: unga wa dengu unapikwa na maji kama uji mzito, unamwagwa kwenye sinia upoe, unakatwa vipande, unakaangwa, unaliwa ndani ya mkate na limau. Unga wa dengu! Mama akapika Wete wakati mimi napika huku, vitu vyote kavipata duka la jirani, na watoto wa mtaa wakavimaliza kabla hajatuonesha sahani. Kisha suali kubwa la usiku ule: ni mwanajiografia gani aliyemaliza kitabu na ramani yake Palermo mwaka 1154, kwa ajili ya mfalme Roger wa Pili, na ndani yake akaeleza pwani ya Zanj, yaani pwani yetu? Mwanangu wa kati akasema Al-Idrisi kabla sijafika mwisho. Mtoto huyu amezaliwa huku, skuli hajawahi kuambiwa kwamba pwani ya bibi yake iliandikwa Ulaya zaidi ya miaka 800 iliyopita. Nyinyi mnaosema najionesha, hiki ndicho nilichokuwa nakionesha.

Suali la Malta alilileta baba yao. Nani alitangulia kupata uhuru kwa Muingereza, Malta au Zanzibar? Wote wakasema Malta, kwa sababu iko Ulaya. Zanzibar ni tarehe 10 Disemba 1963, Malta ni 21 Septemba 1964. Mama alipiga meza mpaka simu ikaanguka.

Na yeye akauliza lake. Maji yakipwa huko Barcelona, wanawake wanaweza kwenda kuchokoa pweza kwa miguu? Tukatafuta. Hawawezi. Bahari ile karibu imefungwa pande zote, mlango wake wa Gibraltar kwenye wembamba wake ni kama kilomita 14, kwa hivyo kupwa na kujaa kwa bahari kuu hakuingii kwa nguvu. Sehemu nyingi maji hayapandi hata nusu mita. Kwetu wakati wa bamvua yanapanda na kushuka karibu mita 4. Watoto wangu walikuwa wanadhani bahari zote ni kama ya Wete.

Hapa niseme jambo zito. Mama alipoambiwa meli, jibu lake la mwanzo lilikuwa hapana. Mtu wa Pemba humuulizi kwa nini. MV Spice Islander ilitoka Unguja kuja Pemba ikazama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Mwaka haukutimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama ikitoka Dar. Bado tuna wenzetu wanaozitaja siku hizo kwa majina ya waliowapoteza. Kwa hivyo Jumamosi moja nzima tuliifanya ya usalama, na hakukuwa na mshindi. Meli za abiria za safari za kimataifa ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa watu baharini, SOLAS, ulioandikwa mara ya kwanza mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama 1912. Unataka nafasi za kuokolea, mashua pamoja na vyelezo vya kuokolea, zizidi watu waliomo: kwa kila watu 100, nafasi 125. Na baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kupinduka kisiwani Giglio, Italia, Januari 2012, wakafa watu 32, masharti yakakazwa: abiria waoneshwe pa kukusanyika na namna ya kuvaa jaketi kabla meli haijaondoka au pale pale ikiondoka, isiwe kesho yake. Mama alisikiliza yote. Akauliza kama jaketi za watoto zipo. Zipo. Akasema basi atakuja.

Makaratasi sasa. Watoto wana paspoti za Uingereza, hawana shida. Mimi na baba yao tuna za Tanzania, na ukaazi wa Uingereza, hata uwe wa kudumu, haukuingizi Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na ukikataliwa hairudi. Unatakiwa uwe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na ombi lako hawalipokei ikiwa safari iko mbele zaidi ya miezi 6. Halafu unaomba nchi gani, na meli inapita nne? Kanuni inasema ile utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, ile utakayoingia mwanzo. Italia tuna bandari tatu. Uhispania tuna siku ya kutangulia, ya kupanda na ya kushuka, nazo tatu. Basi Uhispania. Lakini wakala mmoja alinishikilia ni Italia, mwengine akaniambia yoyote tu, na wote wawili walitaka malipo. Kuna na safari ya bei nzuri zaidi inayotia nanga Tunis. Niliitamani sana, ila ukishuka Tunis umetoka Schengen, na kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ndiyo imekwisha. Tukaiacha.

Ya mama ndiyo yaliyonivunja. Wete mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, boti nyengine mpaka Dar, mdogo wangu akimshika mkono, walale, waamkie dirishani. Wanataka taarifa za benki, na pesa ya mama ni ya karafuu, inakuja kwa msimu. Wanataka ushahidi kwamba atarudi kwao. Mama ana shamba, ana nyumba, ana wajukuu wengine, ana barua ya sheha yenye muhuri, imetafsiriwa kwa Kiingereza, na aliyeipokea kaigeuza huku na huku kama risiti ya duka. Kisha vidole. Mashine haikuvisoma. Umri wote huo wa kuchambua karafuu na kusokota kamba za usumba, mistari imelika. Akaambiwa arudi siku nyengine. Hakuna aliyemueleza afanye nini ili siku nyengine iwe tofauti. Na huku kwangu, kila wiki inayopita, pesa ya meli tutakayorudishiwa tukivunja safari inapungua, na bima nyingi za safari hazilipi kwa kunyimwa viza.

Wanaouliza kuhusu halali: tumeandika mapema, tukajibiwa kwamba samaki na mboga vitakuwepo kila mlo, na nyama tutaiacha. Sala tutapunguza, sisi ni wasafiri.

Haya yote ni yetu sisi. Paspoti yako si yangu, mfuko wako si wangu, na ofisi utakayokwenda inaweza kutaka karatasi ambayo mimi sikutakiwa. Usikope kwa ajili ya meli kwa sababu umeniona mimi, na usiache kwenda kwa sababu mimi nimehangaika. Soma masharti ya safari yako wewe.

Ila nina ombi. Kama una mzazi ambaye vidole vyake vilikataa kusomeka na mwisho akapata viza, niandikie hapo chini alifanya nini: alipakwa mafuta, alipewa barua ya daktari, alipigwa mashine nyengine, chochote. Mama anarudi Dar Jumatano.