John Rutter, mtunzi anayeimbwa na kwaya za kawaida

Neema: Karibuni wasikilizaji. Niko na Mwalimu Zablon, na leo ni zamu ya John Rutter. Mwalimu, Uingereza ina watunzi wanaosifiwa zaidi na wachambuzi. Kwa nini umemchagua huyu?

Zablon: Kwa sababu ndiye anayeimbwa, dada Neema. Kuna watunzi wanaopigiwa makofi usiku wa onyesho la kwanza, kisha karatasi zao zinarudi kabatini. Rutter, aliyezaliwa London mwaka 1945, anaimbwa na walimu, wauguzi, watu wa benki, wale wanaokuja mazoezini jioni wakiwa wametoka kazini. Hao ndio aliowafikiria alipoandika.

Neema: Alitoka familia ya wanamuziki?

Zablon: Hapana. Walikaa ghorofani, juu ya baa iitwayo Globe, Barabara ya Marylebone. Bahati yake ilikuwa shule ya Highgate. Mwaka 1963 mtunzi mashuhuri wa Uingereza, Benjamin Britten, alirekodi War Requiem yake, kazi kubwa ya kwaya na okestra ya kuwakumbuka waliokufa vitani, na Rutter alikuwa mmoja wa wavulana walioimba, Britten mwenyewe akiongoza. Shule hiyohiyo ndiyo aliyosoma John Tavener.

Neema: Watunzi wawili wakubwa shule moja! Halafu akaenda Cambridge.

Zablon: Clare College. David Willcocks, aliyeongoza kwaya ya King's, chuo kingine cha Cambridge, aliona kazi za kijana huyu akazipeleka kwa wachapishaji wa Oxford, naye hata chuo hajamaliza. Baadaye akawa mkuu wa muziki hapo Clare, na mwaka 1981 akaunda Cambridge Singers, kwaya yake ya kurekodi. Tuyapite hayo, nataka tufike kwenye noti.

Neema: Basi tuanze na ule wimbo wa Hesabu sura ya 6. “Bwana akubarikie, na kukulinda.”

Zablon: The Lord bless you and keep you. Aliuandika mwaka 1981 kwa ibada ya kumkumbuka Edward Chapman, mwalimu wake wa muziki pale Highgate. Sikiliza ulivyojengwa. Kinanda kinatangulia taratibu, kisha soprano wanaingia peke yao. Maneno yanasikika yote, hakuna kinachoyafunika. Kisha baraka inarudi, na sasa alto, teno na besi wamo. Ungedhani kazi imekwisha, lakini zinakuja zile Amina, sauti zinapokezana, moja inashuka wakati nyingine inapanda.

Neema: Na hakuna sauti inayoonewa. Mimi ni alto, najua kuimba noti moja ukurasa mzima huku soprano wakifurahia tuni.

Zablon: Umelisema vizuri kuliko mimi! Kila sauti kaipa wimbo wake. Ukiwafundisha alto peke yao, wanachoimba kina maana, kinashikika kichwani. Kuandika hivyo ni kazi ngumu sana.

Neema: Lakini wapo wanaosema ana utamu kupita kiasi. Na mimi, kusema kweli, baadhi ya nyimbo zake za Krismasi hunikinaisha.

Zablon: Sikatai. Ila anayesema hivyo asikilize Requiem, yaani misa ya wafu, ya mwaka 1985, aliyoitunga kwa kumbukumbu ya baba yake. Ile sehemu ya Zaburi ya 130, “Toka vilindini.” Selo, ile ala ya nyuzi yenye sauti nzito, ndiyo inayoongoza, inalia, na kwaya inaingia chini kabisa. Sioni utamu pale. Tena kachanganya Kilatini cha misa na Kiingereza cha kitabu cha sala cha Waanglikana, mfiwa asikie maneno anayoyafahamu.

Neema: Mwaka 2001 alimpoteza mwanawe, mwanafunzi, kwa ajali ya barabarani Cambridge.

Zablon: Ndiyo. Na Februari 2003, ukumbi wa Carnegie, New York, ikaimbwa kwa mara ya kwanza kazi yake Mass of the Children, yaani Misa ya Watoto. Kwaya mbili, ya watu wazima na ya watoto. Mwishoni wakubwa wanaomba amani kwa Kilatini, Dona nobis pacem, na juu yao watoto wanaimba sala ya kulala ya Askofu Thomas Ken kwa tuni ya Thomas Tallis, ya karne ya 16. Nyimbo mbili kwa pamoja, wala hazigombani. Nikifika hapo siwezi kuzungumza na mtu.

Neema: Na huyuhuyu alisema kwenye televisheni ya Marekani, mwaka huohuo, kwamba yeye si mtu wa dini sana.

Zablon: Mimi hilo halinisumbui. Anayaheshimu maneno ya Zaburi kuliko watunzi wengi waumini ninaowafahamu. Hakuna neno analoliharakisha, wala silabi ndogo anayoipa noti ndefu ili kujaza nafasi.

Neema: Mwaka 2011 aliandika wimbo kwa harusi ya Mwanamfalme William na Catherine, mwaka 2024 akatunukiwa cheo cha Sir. Kwaya ya mtaa inayotaka kuanza naye, ianzie wapi?

Zablon: Kwenye ile baraka ya Hesabu. Lakini fundisheni kutoka nyuma. Anzeni na Amina, maana hapo ndipo teno hupotea. Zikikaa sawa, rudini mwanzo. Na soprano wasivute pumzi katikati ya neno.

Neema: Wiki ijayo tutamchambua Tavener. Mwalimu, asante sana.

Zablon: Asante, dada. Na teno, Jumamosi msichelewe.