Kabla ya kununua saruji, jazeni shimo maji

Ndugu zangu wa Micheweni, Pemba, assalaam alaykum. Nalirudia tena, na nitalirudia mpaka lishike: mahali pa kuvunia maji ya mvua hapachaguliwi kwa macho. Mtu huona kibonde uwandani, kwenye ardhi yetu ya mawe, maji ya masika yametuama, akasema hapa pa bwawa. Sipo! Maji yale yamekaa juu ya udongo mwembamba uliokwishalowa. Ukiuondoa, unabaki na jiwe la matumbawe lenye nyufa, na maji hupita kama tui kwenye kifumbu.

Pimeni kwanza. Chimbeni shimo la nusu mita kwa nusu mita, kina mita 1. Lijazeni jioni, liachwe linywe. Kesho yake jioni lijazeni tena, chomekeni kijiti chenye alama usawa wa maji, funikeni kwa kuti. Alfajiri tazameni. Yakishuka vidole viwili, pana matumaini. Mkikuta shimo kavu, bwawa la udongo lisahauni; hapo ni kutandika turubai zito la plastiki au kujenga birika la zege. Na udongo mlioutoa, lowesheni konzi moja, vingirisheni kijiti chembamba kama penseli, kipindeni kiwe pete. Kinamo, udongo unaoshika maji, hupindika. Kichanga, unaoyapitisha, hukatika.

Najua mtasema: kulijaza mara mbili ni lita 500, madumu 25, nani anayo? Basi pimeni masika yakielekea kwisha, maji yakiwapo. Madumu 25 ni rahisi kuliko saruji iliyozikwa kwenye bwawa lisiloshika tone.

Na mwengine anasema tuzidishe kina, tutakuta maji. Karibu na pwani mtayakuta, tena ya chumvi! Maji matamu chini yetu yameelea juu ya maji ya bahari. Ukichimba mno au ukivuta mno, chumvi hupanda, na kisima cha jirani kinaharibika pamoja na chako.

Kwa hiyo nyumba nyingi za uwandani, pa kuvunia ni paa la bati. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 20, toa sehemu ya tano inayopotea: lita 800. Watu 6 wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku 60 za ukavu, wanahitaji lita 7,200. Birika lipimwe kwa hesabu hiyo.

Birika likae mbali na choo, maana nyufa za mawe husafirisha uchafu mbali, na mbali na mwembe, mizizi hupasua zege. Mlizamu, mfereji wa kukinga maji ya paa, uinamishwe sentimita 1 kila mita. Maji ya mwanzo ya mvua, yanayoosha paa, yamwagwe. Wavu wa mbu, bomba la kutolea maji yaliyozidi, hayo mnayajua.

Wenye majembe na mitaimbo, baada ya alasiri tukutane nyuma ya skuli. Madumu yameshajazwa.