Saa Moja ya Graeme Obree

Mabibi na mabwana, nianze na chombo, mpanda atafuata. Baiskeli ya uwanjani haina breki wala friwili. Gia ni moja tu, na gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Ukisahau ukasimamisha miguu ukiwa kasi, itakurusha.

Rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu zaidi ambao mtu mmoja ameuendesha uwanjani kwa saa moja, ilikuwa ya Mwitaliano Francesco Moser: kilomita 51.151, aliyoiweka Mexico City mwaka 1984, kule juu kwenye hewa nyepesi. Obree, Mskoti asiye na timu kubwa, aliifuata Hamar, Norway, Julai 1993, na baiskeli aliyoiunda mwenyewe.

Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, karibu nguvu yote ya mpanda inaishia kusukuma hewa, na kinachoizuia hewa zaidi ni mwili wake, si chuma. Basi Obree akaukaribisha usukani kifuani, akakunja mikono chini yake kama kuku aliyefumbata mabawa. Hapo magoti yakaanza kugonga bomba la juu la fremu, akaliondoa. Alitaka pia miguu ikaribiane, kwa hiyo ekseli ya pedali ikawa nyembamba kuliko kawaida, na beringi zake zilitoka kwenye mashine ya kufulia nguo. Watu hucheka hapo, lakini beringi ya mashine hiyo imezoea mizunguko mingi kuliko mguu wa binadamu yeyote.

Sasa hesabu. Gurudumu la mnyororo la mbele lina meno 52, la nyuma 12: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara 4.33, yaani kama mita 9. Gia hiyo ni nzito mno kuianza ukiwa umesimama, na mikono iliyokunjwa haina pa kuvutia. Ndiyo maana mizunguko ya kwanza ndiyo ya kuogopwa.

Tarehe 16 alishindwa, akiwa kwenye nakala mpya ya baiskeli yake. Usiku akanywa maji mengi ili haja ndogo imwamshe, kila akiamka ananyoosha misuli isikakamae. Asubuhi akapanda ile ya zamani: kilomita 51.596. Kwenye uwanja wa mita 250 ni mizunguko 206 na kidogo, kila mmoja sekunde 17.4. Moser kashindwa kwa mita 445, hata mizunguko miwili haifiki!

Siku sita baadaye Mwingereza Chris Boardman akafikisha kilomita 52.270 huko Bordeaux, Ufaransa. Obree akairudisha Aprili 1994, kilomita 52.713, na mwaka huohuo UCI, shirikisho la baiskeli duniani, ikapiga marufuku mkao wake. Naye akabuni mwingine, mikono imenyooshwa mbele kabisa, akawa bingwa wa dunia Bogotá mwaka 1995. Huo nao Boardman aliutumia mwaka 1996 kufikisha 56.375, kisha nao ukapigwa marufuku.