Nyota, Hekima na Kitunguu: Maneno ya Kiyidishi

Ahsanteni kwa kufika, na mvua yote hii.

Tulimalize hili kwanza: Kiyidishi si Kiebrania. Ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Kati na Mashariki, iliyoanza kandokando ya mto Rhine yapata miaka 1,000 iliyopita. Maneno yake mengi ni ya Kijerumani, yamechanganyika na ya Kiebrania, Kiaramu na Kislavoni, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kuanzia kulia. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 10. Wanazi waliwaua mamilioni yao. Leo utaisikia zaidi kwa Wahasidi, Wayahudi washika dini sana, Brooklyn kule New York au Jerusalem.

Sasa tegeni sikio. Malaika wa mauti kwa Kiyidishi ni malekh-hamoves. Mmesikia? Malekh, malaika, moves, mauti. Sisi tumeyapata kwa Waarabu, wao kwenye Kiebrania, na lugha hizo mbili ni ndugu. Hekima nayo ipo: khokhme. Lakini hekima hii iliyolelewa Poland ina utundu, maana khokhme ni mzaha pia. Ukiitwa khokhem, yaani mwenye hekima, usikimbilie kushukuru. Mtazame usoni anayekuita. Huenda anakusudia mjinga anayejiona mjuzi.

Mazl tov mmeisikia kwenye filamu za harusi, bwana harusi akishapasua bilauri kwa mguu. Asili ya mazl ni nyota. Nasi si tunasema fulani ana nyota? Basi ndiyo hiyo. Ila usimwambie mazl tov mtu anayekwenda kufanya mtihani. Ngoja afaulu, kwani ni hongera. Mwenye nyota mbaya ni shlimazl, na wengi humchanganya na shlemiel. Mpe shlemiel bakuli la supu: atajikwaa, aimwage. Itamwagikia nani? Shlimazl, aliyekuwa kajikalia zake.

Mentsh ni mtu. Mtoto akiambiwa "zay a mentsh", awe mtu, hilo silifafanui, makwenu mmeambiwa.

Ninayoipenda kuliko yote ni laana moja. Mwenye hasira hakutukani matusi ya nguoni, anakuombea dua: "Uote kama kitunguu, kichwa kikiwa ardhini." Siku niliyoijua nilikwenda jikoni nikakitazama kitunguu vizuri. Hujaombewa kifo, eti. Unamea vizuri tu, unanenepa, ila miguu juu.