Jinsi ya kupima mwendo wa mwani wa kijani wenye hitilafu ya jeni

Karibuni. Leo tunaweka Chlamydomonas reinhardtii, mwani wa kijani wa seli moja, wa kawaida na wa aina ya oda9 (wenye jeni moja iliyoharibika), chini ya hadubini moja, siku moja.

Seli ya mwani huu ina mijeledi miwili mbele, nayo hupangua maji kama mikono ya mwogeleaji. Ndani ya kila mjeledi mna vikono vya protini ya daineni, na hivyo ndivyo injini. Oda9 imekosa vikono vya nje. Vya ndani vipo, kwa hiyo inaogelea, ila polepole. Binadamu tuna jeni inayolingana na hii, DNAI1. Ikiharibika, vinyweleo vya njia ya hewa hushindwa kusukuma makohozi.

Saa 4 kabla ya kurekodi, chota mwani kidogo kwenye agari (jeli ya kukuzia), uchanganye na mililita 5 za TAP ya maji (mchanganyiko wa virutubisho vya mwani), uweke kwenye mwanga. Usiruke hatua hii! Juu ya agari mijeledi huwa mifupi au haipo kabisa, na utaishia kuilaumu jeni bure.

Bandika vipande viwili vya gundi ya pande mbili kwenye slaidi, funika kwa kioo chembamba, ingiza mikrolita 30 kutoka pembeni. Bila nafasi hiyo, kioo kinazigandamiza seli.

Weka kichujio chekundu kwenye taa. Mwanga mweupe huzifanya seli zinate kwenye kioo.

Sasa rekodi kwa lenzi ya 40, fremu 500 kwa sekunde. Tazama mwili wa seli: kila pigo unasonga mbele, kisha unarudi nyuma kidogo. Hesabu mirudio 10. Kwa wa kawaida zitapita fremu kama 100, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Kwa oda9 zinakaribia 200. Simu ya fremu 240 inatosha kukadiria mapigo, lakini umbo la mpindo wa mjeledi hulipati.

Seli za oda9 zikisimama kabisa, kosa si la jeni hii. Chukua sampuli ndogo, itie tone la iodini ya Lugol (hutuliza seli zisisogee), upime mijeledi: ikiwa na mikromita 10 hadi 12 ni mizima, chunguza taa na kioo. Ikiwa imekatika, ulitikisa mno. Irudishe chupa ya mwani kwenye mwanga, baada ya saa 2 mijeledi itakuwa imeota upya.